Miguu ya Maganga

Nilikwenda Kidete kwa arobaini ya Salumu Kondo nikihofia kuchelewa, kumbe nilifika mapema mno, wanawake wakiwa bado wanapepeta mchele uani. Nilipewa nafasi kwenye mkeka pamoja na wazee wa msikiti, na dua ilipoanza niliinamisha kichwa na kuitikia amina kila walipoitikia, kama Salumu mwenyewe alivyokuwa akifanya kila alipokuja kanisani kutuzikia watu wetu. Baada ya pilau, binti yake Asha, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa mgongoni kwa mama yake, alinijia na sanduku la mbao lenye mfuniko wa kuteleza. Alilishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mwalimu. Baba aliacha neno," akasema. "Alisema sanduku hili ni la Mwalimu Yohana, ila asipewe tu akaondoka nalo. Alifungue hapa hapa, maana kuna kazi yake humo hakuimaliza." Nikaitikia marahaba, nikalipokea. Sikuhitaji kulifungua ili kujua kilichokuwamo. Nilitambua harufu kabla ya kitu chochote, harufu ya rangi ya mafuta iliyokauka, na nikajikuta nimerudi Mikumi, kwenye chumba ambacho nadhani kimebomolewa zamani.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliokaa Mikumi nikisubiri barua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza mafundisho yangu ya awali kule Vidunda, na ili nipokelewe kwenye chuo cha makatekista nilihitaji barua ya Kasisi wetu. Hakuiandika. Aliniambia niteremke Mikumi, nifanye kazi ya mikono, niishi na watu wasionijua, naye atanitazama kwa mbali. Niliona ananichelewesha bila sababu. Nilijua vifungu vingi kwa moyo, nilijua kujibu maswali yote ya kipaimara hata yakiulizwa kinyumenyume, na sikuelewa mtu wa namna hiyo angejifunza nini zaidi kwa mchora mabango. Nasema haya bila kujilaumu sana. Mungu ana subira na vijana wanaojua majibu, na mimi alinipa Salumu.

Salumu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mcheshi, mwana wa mfanyakazi wa reli. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, na ukuta mmoja ndio aliokuwa akifutia brashi zake, hivyo ulikuwa na kila rangi iliyowahi kupita Mikumi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo, alinisimulia, rangi ilipatikana kwa kibali, na kilichopatikana kilikuwa kijani ya shule na kahawia ya mageti. Ukitaka nyekundu usubiri mtu atoke Dar es Salaam. Sasa maduka ya watu binafsi yalikuwa na makopo yamepangwa mpaka juu, na kila mtu alikuwa akifungua kitu. Hoteli, duka la vipuri, saluni, mashine ya kusaga, basi lililonunuliwa likiwa limeshachakaa na kupewa jina la kujisifu. Wenye nyumba za wageni wote walitaka simba kwenye kibao, kwa sababu ya mbuga, na simba wa Salumu walifanana na mbwa waliovaa mitandio. Hakuna aliyelalamika. Herufi zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walimsamehe wanyama.

Jeshi la askari wa kuchezea lililokuwa ndani ya sanduku lile lilitoka kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akisimamia ukarabati wa barabara. Salumu alimchorea vibao vya kuonya madereva, wakazoeana, na jioni mhandisi alikuwa akimfundisha mchezo wa kwao. Alikuwa na askari wadogo wa chuma laini cha kijivu, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wana kofia ndefu na bunduki, hawajapakwa rangi hata tone. Kwao, alisema, mtu hupaka jeshi zima kwa mkono wake, askari mmoja mmoja, na huandika kila hatua aliyofikia; kisha hulipanga mezani dhidi ya jeshi la rafiki yake na kutupa dadu. Wengine huchukua miaka kabla ya vita vya kwanza. Mkataba ulipokwisha aliondoka, akamwachia Salumu sanduku zima, dadu mbili, na karatasi ya mistari inayoonyesha jinsi ya kuandika hatua. Nilipofika mimi, Salumu alikuwa ameshaligawa jeshi mara mbili. Wenye makoti ya buluu walikuwa Jeshi la Reli, la Kilosa, chini yake. Wenye makoti ya kijani walikuwa Jeshi la Miwa, la Kidodi, na mimi nikapewa hilo niliamuru.

Mwanzoni nilikataa. Nilimwambia siwezi kucheza na mambo ya kuuana, tena kwa sanamu. Salumu hakubishana. "Padri mdogo," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "hawa hawafi. Wanalazwa tu chali, wakishapumzika wanarudi." Akanitafutia askari mmoja asiye na bunduki, mpiga ngoma, akasema huyo ndiye Yohana, atakwenda vitani kuwatia moyo wengine. Nikacheka, na nilipocheka nilikuwa nimeshashika brashi. Siku za mvua, mabango yakiwa hayakauki, tulikaa dirishani na masalio ya rangi yaliyobaki kwenye makopo. Rangi ya chini kwanza, kisha koti, kisha suruali na buti, kisha uso, na mwisho kabisa macho, nukta mbili kwa ncha ya mwiba wa mchungwa. Nilipata utulivu katika kazi ile ambao sikuutarajia. Huwezi kupaka kifungo cha koti dogo namna ile huku unafikiria jinsi ulivyoonewa. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba nilijifunza kusali vizuri zaidi kwa kupaka vifungo, nao hudhani nafanya mzaha.

Daftari lilikuwa kazi yangu. Salumu alipenda herufi kubwa za kuonekana na lori likiwa linakimbia, ndogo zilimchosha. Mimi nilikuwa na mwandiko wa shule ya misheni, uliosimama wima. Nilichora safu: jina, rangi ya chini, koti, miguu, uso, macho, na safu ya mwisho ya maelezo. Katika kila chumba niliandika "tayari" au "bado". Mhandisi alikuwa ameandika namba kwenye safu ya kwanza, lakini Salumu alikataa namba. Alisema hawezi kumpaka uso mtu anayeitwa kumi na nne. Kwa hiyo askari walipewa majina ya watu tuliowajua, majirani, madereva, muuza mkaa, karani wa stesheni, yeyote aliyepita dirishani wakati rangi ya chini ikikauka. Wengi walijua na kufurahi. Muuza mkaa alikuwa akichungulia kuuliza kama amepata koti.

Sajini wa Jeshi la Miwa alikuwa Maganga. Maganga wa kweli aliendesha lori la miwa upande wa Kidodi, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, na mke wake, Mama Rehema, aliuza chai na maandazi mlango wa pili kutoka kwetu. Maganga alikuwa Mnyamwezi na Salumu Mzaramo, na anayejua utani wa makabila hayo anajua kelele zilizokuwapo pale. Salumu aliweza kumwambia Maganga mbele ya wateja, "Wewe si umekufa juzi? Sanda tumeshanunua, sasa tuirudishe dukani?" na Maganga akajibu, "Nimerudi kukuchukua, mtumwa wangu, huko hakuna wa kunibebea mzigo." Mama Rehema alikuwa akicheka mpaka anaweka birika chini. Mimi, mtoto wa milimani, sikuwa mtani wa mtu yeyote pale. Niliwaamkia tu, "Shikamoo baba, shikamoo mama," na Mama Rehema aliniletea chai asubuhi na andazi moja zaidi ya nililoagiza. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, na hakuacha maandishi yapite bila kuyasoma kwa sauti: kopo la rangi, gazeti lililofungia sukari, mgongo wa basi. Alisoma taratibu, kidole kikitangulia, kisha akainua macho kuona kama umesikia.

Jumamosi moja alasiri tulipanga vita. Meza yetu ilikuwa mlango mbovu uliolazwa juu ya mapipa mawili. Milima ya Vidunda ilikuwa mchanga chini ya gunia, na Mto Ruaha ulikuwa kipande cha kanga ya buluu. Jeshi langu lilikuwa pungufu. Maganga alikuwa hajakamilika, kwa kuwa askari wa Miwa walivaa suruali nyeupe na rangi yangu nyeupe niliitumia yote kwenye kibao cha kanisa letu la Mikumi, kazi niliyoifanya kwa fahari na kwa tabaka tatu pale ambapo mbili zingetosha. Sheria yetu ilikuwa kwamba asiyekamilika haendi vitani. Niliivunja, nikamweka Maganga kwenye daraja la mto ule akiwa na miguu ya kijivu, yenye rangi ya chini tu. Salumu akatupa dadu, ikatoka sita, Maganga akalazwa. Baada ya mchezo niliandika kama kawaida. Jina, Maganga. Rangi ya chini, tayari. Koti, tayari. Miguu, bado. Uso, tayari. Macho, tayari. Maelezo: ameanguka Jumamosi darajani.

Jumatatu lori la Maganga lilipinduka kabla ya kufika mtoni. Utingo aliruka akapona. Maganga alibanwa, mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili juu ya goti. Walimpeleka mpaka hospitali ya Kilosa, na habari ilitufikia Mikumi kwa dereva mwingine aliyesimama mlangoni kwetu akiwa ameshika kofia. Mama Rehema alifunga safari siku hiyo hiyo. Aliporudi baada ya siku nne kuchukua shuka na sufuria, aliingia kwetu kumsalimu Salumu na kumpa taarifa. Salumu alikuwa amepanda ngazi nje; mimi nilikuwa nikisafisha brashi. Akaketi kwenye benchi kumsubiri. Daftari lilikuwa mezani, wazi. Nilisikia sauti yake nyuma yangu, taratibu, kidole kikitangulia. "Ma-ga-nga. Ra-ngi ya chini, tayari. Koti, tayari. Miguu." Nilipogeuka alikuwa ameshapita safu ya mwisho na alikuwa akirudia kusoma kimya kimya, midomo ikicheza.

Nilieleza haraka. Nilimwonyesha askari, dadu, mlango, kanga. Alisikiliza yote na hakupandisha sauti. "Nawajua askari wenu," akasema. "Mume wangu alikuwa akijisifu amekuwa sajini. Nani ameandika hapa?"

"Mimi, mama."

"Mkono wako?"

"Ndiyo, lakini ni mchezo tu."

"Kama angeandika Salumu ningecheka. Salumu ni mtani wetu, ana haki ya kutuzika kila siku na sisi tuna haki ya kumzika. Neno lake linaishia mlangoni. Wewe si mtani. Wewe ni mtu wa sala, na umeandika mume wangu ameanguka na miguu yake bado." Aliweka kidole juu ya lile neno kama mtu anayeziba tundu. "Daktari kasema mfupa haujashika. Kila nikilala naona kitu nisichokitambua. Sasa nimejua ninachokiona. Chukua rangi, mwanangu, umalize miguu yake."

Nikakataa. Nataka liandikwe wazi, maana katika simulizi za ujana ni rahisi kujipamba. Nilikataa, tena kwa maneno mazuri. Nilimweleza kwamba mfupa wa mtu hauna uhusiano na chuma, kwamba nikipaka kwa sababu ile nitakuwa nimekiri nguvu isiyo ya Mungu, kwamba hofu yake ni jaribu na dawa yake ni imani. Nilitaja vifungu na sura zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kusikiliza walimu wa jioni, kisha akasema, "Sikuombi uamini. Nakuomba umalize kazi uliyoianza." Akachukua shuka zake, akatoka. Salumu aliposhuka nilimsimulia, nikitegemea atanisifu au atacheka. Alikwenda moja kwa moja mezani, akamtafuta Maganga, akatoka naye nje akimkimbilia Mama Rehema, na nilimsikia akimwambia atampaka yeye mwenyewe, leo, na buti za ngozi juu yake. "Wewe hapana, shemeji," Mama Rehema akajibu. "Mkono wako ni wa utani. Ukimpaka wewe nitajua umecheza."

Wiki tatu zilipita hivyo. Mama Rehema alikuwa akienda Kilosa na kurudi, na siku alizokuwapo Mikumi alipika kama kawaida, maana maisha hayakumngoja. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kamili, bila kupunguza, kisha akageukia jiko. Chai ya asubuhi ilifika chumbani kwetu kikombe kimoja, cha Salumu. Salumu alikigawa nusu kwa nusu na mimi, na chai ile ya nusu kikombe iliniuma kuliko kama Mama Rehema angenitukana. Siku moja, nikiwa nachora upande wa pili wa ukuta wa Mama Rehema, nilimsikia akizungumza na mteja. "Hulali, Mama Rehema?" mteja akauliza. "Nalala nimekaa," akasema. "Nikijilaza naota miguu ya kijivu." Nilibaki na brashi hewani mpaka rangi ikanidondokea kiatuni. Nilikuwa na hoja zangu zote mahali pake. Nilizikagua moja moja, zikawa kweli, na hakuna hata moja iliyoniambia kwa nini nilijisikia kama mtu aliyemfungia mwenzake mlango kwenye mvua.

Kasisi alikuja mwezi ule kukitazama kibao kipya. Alikuwa mzee mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikisifu kibao kwa neno moja kisha akataka kujua ninaendeleaje. Tulikaa ndani ya kanisa, kwenye benchi la nyuma, nikamweleza yote, na nilipofika kwenye hoja zangu nilizieleza vizuri zaidi kuliko nilivyomweleza Mama Rehema. Alitikisa kichwa kukubali kila moja.

"Uliomba naye?" akaniuliza.

"Nilimfundisha, Baba Kasisi."

"Sikukuuliza kama ulimfundisha."

Nikasema hapana, sikuomba naye.

"Na miguu ya huyo askari, kabla lori halijaanguka, ulikuwa na nia ya kuipaka?"

"Ndiyo. Rangi ndiyo iliyokwisha."

"Basi yule mama hakukuomba jambo jipya." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu. "Unaogopa atadhani rangi ndiyo iliyomponya mumewe. Akidhani hivyo, utakuwapo kumweleza? Au utakuwa umeshamfukuza?" Akaongeza, akiwa tayari amesimama, kwamba barua yangu ya chuo iko mezani kwake, ameiandika yote na kutia sahihi, isipokuwa tarehe.

Sikukaa kutafakari sana. Keshoye alfajiri nilipanda basi la Kilosa kupitia Ulaya na Zombo, mfukoni nina Maganga aliyefungwa kwenye kitambaa, kopo la dawa lenye rangi nyeupe kidogo ambayo Salumu aliikwangua chini ya makopo matatu, brashi, mwiba, na daftari. Wodi ya wanaume ilikuwa ndefu na ya moto, inanuka dawa na mlenda, maana ulikuwa wakati wa chakula na kila kitanda kilikuwa na ndugu amekaa na sufuria. Maganga alikuwa amelazwa chali, mguu wake umetundikwa kwa kamba inayopita kwenye gurudumu na kuvutwa na uzito. Alikuwa amekonda. Mama Rehema alikuwa akimlisha ugali. Niliwaamkia wote wawili, nikapiga magoti kando ya kitanda, na kabla ujasiri haujaniisha nikamwambia Maganga kila kitu, tangu daraja la kanga mpaka safu ya mwisho. Nikamwomba radhi kwa kuandika jina lake bila uangalifu, na nikamwomba radhi mkewe kwa wiki tatu.

Maganga alilitaka daftari. Alilisoma akiwa amelishika juu ya uso wake, akaanza kucheka, na kicheko kikashuka mpaka mguuni, uzito ukaanza kubembea na nesi akapaza sauti kutoka mlangoni kwamba huyo mgonjwa wa kitanda cha sita atulie. "Miguu bado," Maganga akasema, akifuta machozi. "Kweli tupu. Hata daktari hajaandika vizuri hivi." Akamgeukia mkewe. "Mbona hukuniambia?"

"Ningemwambia nini mtu aliyetundikwa kama nyama buchani?"

Mgonjwa wa kitanda jirani, mzee aliyestaafu reli, akataka kujua ni nani aliyemwangusha. Nikasema ni Jeshi la Reli. "Basi kazi nzuri," mzee akasema, na wodi nzima ikataka kuwaona askari. Mama Rehema peke yake hakucheka. Alikuwa ameshasafisha stuli kwa ncha ya kanga yake na kuiweka mbele yangu.

Nilipaka miguu ya Maganga pale, mchana, mbele ya watu, na nilisema kwa sauti nilichokuwa nikifanya. Nilisema hiki ni chuma na hii ni rangi, na mfupa wa Mzee Maganga uko mikononi mwa Mungu na daktari, na mimi namalizia kazi niliyoiacha katikati. Maganga aliamuru suruali iwe nyeupe na buti ziwe nyeusi zinazong'aa, akalalamika kuwa nimempunguzia tumbo. Nilianza na mguu wa kushoto. Nilipohamia wa kulia Mama Rehema alisogea mpaka nikahisi pumzi yake sikioni, na hakuondoka mpaka nilipofika kisigino. "Sasa andika," akasema. Nikakata neno la kwanza kwa mstari mmoja, nikaandika jingine juu yake, naye akalisoma kwa sauti, kidole kikitangulia. Kisha, nikiwa bado nimeshika brashi, nikaomba. Lilikuwa ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba hadharani mpaka siku ile, na sikutaja kifungu. Mzee wa reli aliitikia, na mwingine aliyekuwa na tasbihi mkononi aliitikia. Nilipofungua macho Mama Rehema alikuwa ametandika kanga sakafuni kando ya kitanda. Akajilaza, akajifunika uso, na kabla sijakausha brashi alikuwa akikoroma. Maganga alinionyesha kidole mdomoni ninyamaze. Mkewe alilala mpaka wagonjwa walipoletewa chai ya jioni, na sisi wote tulizungumza kwa kunong'ona kwa ajili yake.

Sisemi rangi ilimponya Maganga. Nilimwambia Mama Rehema hivyo mara nyingi baadaye, naye alinijibu kila mara kwamba anajua, anajua, ninywe chai. Mguu ulishika, ukawa mfupi kidogo kuliko mwenzake, na hakuendesha tena lori. Alikaa kwenye jiko la mkewe akikanda unga na kuimba. Barua yangu ilipata tarehe. Ilinifikia kwa haraka, na niliondoka Mikumi wiki ile ile, bila hata kumaliza safu zangu. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, nimekaa kando ya vitanda vingi, na nimekosea mara nyingine, lakini sikuwahi tena kumpa mtu hoja kabla ya kumuuliza amelala lini.

Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya sanduku nilipolifungua Kidete, barazani, Asha akiwa amechuchumaa mbele yangu. Askari walikuwa wote, wamefungwa kwenye pamba safu kwa safu, na daftari juu yao. Salumu alikuwa ameendelea kuliandika kwa herufi zake kubwa zinazojaa vyumba viwili. Safu ya maelezo ilikuwa imeacha habari za vita zamani. Muuza mkaa, amepata mjukuu. Karani, amehamia Tabora. Maganga, mguu humsumbua mvua ikikaribia. Na chini yake, kwa kalamu nyingine, Maganga amepumzika, nimembeba mwenyewe kama alivyotaka. Mama Rehema alikuwa na mstari wake pia, mbeba bendera, tayari, tayari, tayari, tayari, tayari. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Yohana, mpiga ngoma. Rangi ya chini, koti, miguu, uso, vyote tayari kwa mwandiko wangu wa ujana. Macho, bado. Nilikumbuka kwamba Salumu alikuwa akiniambia nitayaweka siku barua ikifika, na siku ilipofika nilikuwa na haraka.

"Baba hakutaka mtu ayaguse," Asha akasema. "Nilimwambia niyapake mimi, mkono wangu ni mwepesi. Akasema huyo ana kazi yake, atakuja."

Nikamtuma aniletee mwiba. Alirudi na mwiba wa mlimau kutoka uani na kizibo chenye tone la rangi nyeusi. Mikono yangu siku hizi hutetemeka, kwa hiyo alinishikia yule mpiga ngoma kwa vidole viwili, na wazee wa msikiti wakaacha mazungumzo yao wakatazama. Jicho la kushoto lilikaa vizuri. La kulia lilitoka kubwa, likawa linatazama juu kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa. Asha akauliza kama tulifute turudie. Nikamwambia aliache hivyo hivyo, nikamwomba kalamu.